Bilas ni mwanyumba: kuusoma ukoo wa Kitagalogi kwa Kiswahili

Nilifanya kazi ya hoteli Doha miaka michache, na jikoni kwa wafanyakazi kulikuwa na meza ndefu ambayo Wafilipino walikuwa wameshaimiliki kabla sijafika. Jioni moja mwenzangu wa zamu, mtu wa Batangas, alikuwa akizungumza na nyumbani kwa video. Sahani ya wali mbele yake, simu kaiegemeza kwenye chupa ya siki. Akanigeuzia simu nimsalimie aliyekuwa upande wa pili: mwanamume mnene, mcheshi, amekaa barazani na jogoo mapajani. "Bilas ko," akasema. Nikamuuliza bilas ndiye nani. Akaanza kuhangaika na Kiingereza chetu cha kazini. Huyu kamuoa dada wa mke wangu. Si shemeji, maana shemeji ni yule dada. Huyu yeye... tumeoa nyumba moja.

"Mwanyumba," nikamwambia.

Akataka nirudie. Kisha akamwelekea yule wa kwenye simu na kumsomea neno hilo silabi kwa silabi, wakacheka wote wawili, na jogoo naye akapiga mbawa.

Kiingereza hakina neno la mtu huyo. Ukimtafuta bilas kwenye kamusi ya Kitagalogi na Kiingereza utapewa maelezo marefu ya nani kamuoa nduguye nani. Kiswahili tunalo, ingawa vijana wengi wa mjini hawalijui tena: wanaume waliooa ndugu wa tumbo moja huitana mwanyumba. Tangu jioni ile niliacha kujifunza majina ya jamaa ya Kitagalogi kwa kuzungukia Kiingereza. Nikawa nayaleta moja kwa moja kwetu, na mengi yaliyokuwa yamenisokota yakanyooka. Machache yakazidi kusokotana, na hayo ndiyo matamu zaidi.

Kwa asiyekijua, Kitagalogi ni lugha ya Manila na mikoa inayouzunguka mji huo, kwenye kisiwa cha Luzon. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon aliitangaza kuwa msingi wa lugha ya taifa, katika nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 170. Lugha hiyo ya taifa leo inaitwa Kifilipino. Kwa majina ya jamaa tofauti ya Kifilipino na Kitagalogi ni ndogo, kwa hiyo nitasema Kitagalogi tu.

Wa upande gani?

Lugha haimpi mtu jina la ukoo mpaka imhoji kwanza. Swali kubwa la Kiswahili ni hili: wewe ni wa upande gani? Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Ndugu wa kiume wa baba ni baba, mkubwa au mdogo, au ami kwa watu wa pwani. Dada wa baba ni shangazi, dada wa mama ni mama. Na si majina matupu. Mjomba ana haki zake, shangazi ana neno lake la mwisho kwenye harusi, na anayewachanganya hao wawili ataambiwa hakulelewa.

Kitagalogi hakiulizi upande. Wote hao wa kiume ni tito, wote wa kike ni tita. Mume wa shangazi yako ni tito. Mke wa mjomba wako, ambaye sisi tunamwita mkaza mjomba, ni tita. Hata rafiki wa mama aliyekuja kunywa kahawa mara mbili tayari ni tita.

Maneno yenyewe ni ya Wahispania, waliotawala visiwa hivyo kuanzia 1565 hadi 1898. Kwao tío na tía ni ndugu wa mzazi, na Kitagalogi kina pia tiyo na tiya, zilizobaki karibu zaidi na asili. Zamani Watagalogi walikuwa na maneno yao, amain na ali. Amain inaonekana wazi imetoka kwenye ama, yaani baba, na leo utaikuta zaidi vitabuni. Ali haikufa, ilishuka cheo tu. Ukisikia mtu sokoni Manila akimwita muuzaji "Ale", anamwita mwanamke asiyemjua, kama sisi tunavyomwita mama muuza nyanya tusiyejua hata jina lake.

Watoto wa tito na tita ni pinsan, bila kujali wametoka kwa nani. Hapa lazima tukiri kwamba nasi tumeanza kulegea. Binamu kwa asili yake ya Kiarabu ni mtoto wa ami, na mtoto wa mjomba au wa shangazi alikuwa na jina lake, mkoi. Leo binamu amewameza wote, na mkoi yuko hoi kitandani. Watagalogi wametutangulia njia hiyo. Wanachojali wao ni umbali. Pinsang buo, "binamu mzima", ni yule ambaye wazazi wenu ni ndugu wa damu. Pinsang makalawa ni wa hatua ya pili, kutoka dalawa, mbili. Na mtoto wa ndugu yako ni pamangkin, awe wa kaka au wa dada. Mwanamume wa Kiswahili akisikia hivyo anashtuka kidogo, kwani mtoto wa dada yake ni mpwa, lakini mtoto wa kaka yake ni mwanawe kabisa.

Kamba iliyokatika

Upande mmoja tunafanana mno. Ndugu kwa Kitagalogi ni kapatid, na neno halisemi kama ni wa kiume au wa kike. Ukitaka kubainisha unaongeza: kapatid na babae, ndugu wa kike. Mtoto ni anak, mjukuu ni apo, wote bila jinsia, na kiwakilishi chao ni siya, ambacho ni yeye yetu hasa. Mzungumzaji wa Kiingereza hujikwaa hapa kila mara. Mswahili anapita bila kugusa kizingiti.

Ila ndani ya kapatid kuna picha. Patid ni kukatika, kama kamba au uzi unavyokatika, na ka- ni mwenza. Kwa hiyo kapatid ni mtu mliyekatwa kamba moja. Wengi huona hapo kitovu. Sisi tunasema tumbo moja, tunataja mahali mlipokaa. Wao wanataja mlivyotenganishwa. Vijana wa mitaani nao wana utol, au tol kwa ufupi, wanavyoitana washikaji, na hilo limefupishwa kutoka kaputol. Putol ni kipande, au kukata. Lugha imesahau picha ya kwanza, ikaichora tena ileile kwa neno jingine.

Hiyo ka- utaikuta kila mahali. Kabiyak, mwenzi wa ndoa, ni nusu ya kitu kilichopasuliwa. Kabayan ni mtu wa nchi yako, kutoka bayan, nchi au mji. Aliyewahi kuishi Ghuba analijua hili la mwisho hata kama hajui neno jingine, maana kila muuza duka kutoka Muscat hadi Kuwait humwita Mfilipino "Kabayan!" akitaka aingie ndani.

Mwenzi wa ndoa jina lake la kawaida ni asawa, mume au mke sawasawa. Kiswahili kinatubana hapa: lazima useme mume au mke, na hata kitendo kimegawanyika, huyu ameoa, yule ameolewa. Shangazi wa Kifilipino anayemsumbua kijana wa miaka 30 husema "Mag-asawa ka na", na sentensi hiyohiyo anaweza kumgeuzia binti aliyekaa pembeni.

Nitoke kidogo nje ya njia. Watagalogi wana jamaa wa lugha jirani kabisa na sisi, ng'ambo ya maji ya Msumbiji: Kimalagasi cha Madagaska kimetoka ukoo uleule wa Kiaustronesia, na mtoto kwao ni zanaka, ambayo ndani yake unaisikia anak. Lakini kwa ndugu Kimalagasi kimeshika swali tofauti. Kaka wa mwanamume ni rahalahy, kaka wa mwanamke ni anadahy; dada wa mwanamke ni rahavavy, dada wa mwanamume ni anabavy. Mswahili wa zamani angeelewa mara moja. Umbu, neno tunalolikuta zaidi kwenye mashairi, ni ndugu wa jinsia nyingine, dada kwa kaka na kaka kwa dada. Kitagalogi hakina umbu. Kina kitu kingine.

Nani alitangulia?

Swali kubwa la Kitagalogi ni umri. Kaka mkubwa ni kuya, dada mkubwa ni ate (tamka a-te). Mdogo hana jina la namna hiyo. Unamwita kwa jina lake, na ukitaka kumweleza kwa mgeni unasema nakababatang kapatid, ndugu aliye mdogo zaidi. Nasi kwa asili tulikuwa karibu na hapo, kwani wazee wengi hawamwiti kaka mtu aliyezaliwa baada yao. Huyo ni mdogo wangu, basi.

Kuya na ate wala si maneno ya asili ya Watagalogi. Yametoka kwa Wachina wa Fujian waliokuja kufanya biashara Manila, wasemaji wa Kihokkien. Wahispania waliwatengea mtaa wao ng'ambo ya mto, Binondo, mwaka 1594, na mtaa huo bado ni wa Wachina hadi leo. Waliingia na tambi, na mchuzi wa soya, na utaratibu mzima wa kuwapanga ndugu kwa namba. Kaka wa kwanza ni kuya. Wa pili ni diko, wa tatu ni sangko: di ni mbili, sang ni tatu, ko ni kaka mkubwa. Dada wa kwanza ni ate, wa pili ditse, wa tatu sanse. Katika nyumba ya zamani ya watoto 7, mdogo kabisa angeweza kuwataja wakubwa zake wote bila kugusa jina la ubatizo hata moja, na kila jina likakuambia nafasi ya mtu kwenye foleni ya kuzaliwa.

Leo diko na sanse wamebaki kwa familia chache. Wengi wanasema Kuya na jina, Ate na jina. Lakini ncha mbili za foleni zimeshikilia. Kifungua mimba ni panganay, na panganay wa Kifilipino anajua mzigo wake: ndiye anayetarajiwa kuacha shule kwanza, kuvuka bahari kwanza, kulipa ada za wengine. Kitinda mimba, kiziwanda, ni bunso, na huitwa hivyo hata akiwa na mvi. Mwenzangu alikuwa bunso wa watu 6, na kila simu ya nyumbani ilianza na neno hilo, sauti ya mama ikilivuta mwishoni. Mtoto wa pekee ni bugtong na anak. Bugtong peke yake ni kitendawili.

Kabla ya Wachina kulikuwa na kaka. Naam, kaka. Kwa Kitagalogi cha zamani ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, na Wamalei hadi leo wanasema kakak. Kufanana na kaka yetu ni sadfa tu, kama mama na papa zinavyofanana duniani kote, lakini ukimwambia Mfilipino jambo hili jikoni usiku, zamu imepungua, haamini kwamba ni sadfa.

Ngazi ya goti na unyayo

Juu na chini ya mtu, ukoo unaenda hivi. Baba ni ama, mama ni ina, nyumbani tatay na nanay. Mzazi ni magulang, kutoka gulang, umri. Babu na bibi ni lolo na lola, maneno yanayohusishwa na abuelo na abuela ya Wahispania. Jina la asili la mzee huyo lilikuwa nuno, na kisa cha nuno kinanifurahisha kuliko vyote. Wahenga bado ni ninuno. Ila nuno mwenyewe, aliyekuwa akikaa na wajukuu, amehamia kichuguuni. Nuno sa punso ni mzee wa kichuguu, kijizee kisichoonekana ambacho ukikikanyagia makao yake unavimba mguu. Mtu akipita penye kichuguu au mti mkubwa husema "Tabi-tabi po", niwie radhi nipite, kama wazee wetu walivyobisha hodi penye mbuyu wenye mizimu. Babu aliye hai kachukua jina la kigeni, na jini akabaki na la kwao.

Kushuka chini kuna apo, mjukuu. Anayefuata, tunayemwita kitukuu, ni apo sa tuhod, mjukuu wa goti. Na kilembwe ni apo sa talampakan, mjukuu wa unyayo. Mwili wa mzee ndio ngazi: kadiri kizazi kinavyokwenda mbali ndivyo kinavyoshuka kuelekea ardhini. Baada ya unyayo hakuna kitu.

Mtu na mamake

Sasa tufike penye fundo lenyewe. Kitagalogi kina kiambishi mag- ambacho kikishika jina la jamaa hakitaji tena mtu mmoja, kinataja uhusiano pamoja na waliomo. Ina ni mama. Mag-ina ni mama na mwanawe, wawili, kwa neno moja. Mag-ama ni baba na mwanawe. Mag-asawa ni mume na mke, neno lilelile alilolitumia yule shangazi msumbufu, safari hii kama jina. Magpinsan ni mabinamu wawili. Kichwa cha habari cha gazeti la Manila kinaweza kusema tu "Mag-ina" wamenusurika moto, na msomaji ameshaelewa ni nani na nani.

Nilipolikuta jambo hili mara ya kwanza nilidhani hatuna kinachofanana nalo. Kisha nikamkumbuka bibi yangu. Watu wawili wakipita barabarani, ukamuuliza ni akina nani, anajibu: "Mtu na mamake." Au mtu na nduguye, mtu na mkewe. Hataji majina, anataja uzi uliowafunga. Tofauti ni mahali pa kusimama. Sisi tunaanza na mdogo, mtu, kisha tunamwangalia mamake. Watagalogi wanamtaja mkubwa peke yake, na mtoto wala hasikiki, yumo ndani ya mag- kama alivyokuwa tumboni. Hujui ni wa kiume au wa kike, ana miaka miwili au 40.

Na hapo ndipo linapoingia swali la pili la Kitagalogi: mko wangapi? Ndugu wawili ni magkapatid. Wakifika watatu neno linajirudufu, magkakapatid. Mama na mtoto mmoja ni mag-ina, mama na watoto wawili au zaidi ni mag-iina. Mtu anayejifunza lugha hii hukosea hapa kwa miaka, na Wafilipino humsamehe, lakini wanasikia. Ukisema magkapatid kwa ndugu watatu, mmoja wao umemwacha mlangoni.

Familia nzima nayo ina neno la namna hiyo: mag-anak. Tazama limejengwa juu ya nani. Halikujengwa juu ya baba wala mama, limejengwa juu ya anak, mtoto. Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu ni Banal na Mag-anak. Ukiongeza ile ka- ya mwenza unapata kamag-anak, na huyo ndiye jamaa kwa maana pana, yule ambaye sisi pia tukichoka kueleza tunasema ni ndugu yangu, tukakata. Pamilya ya Kihispania ipo na inatumika sana. Ila katika pamilya huoni mtoto.

Bado kuna kiwakilishi cha kutega mguu. Sisi yetu ni moja. Wao wana mbili: tayo, sisi pamoja na wewe ninayekuambia, na kami, sisi bila wewe. Kwa hiyo mtoto wetu ana majina mawili. Baba akizungumza na mkewe atasema anak natin. Akimgeukia mgeni, mtoto yuleyule amekuwa anak namin, wetu sisi, wewe humo. Mwanamume akijikwaa mbele ya mkewe na kumwambia jirani wa kike anak natin, ametangaza kwamba mtoto ni wake na jirani. Nilifanya kosa la aina hiyo kuhusu chakula tu, si mtoto, na meza nzima ilisimama kucheka.

Wakwe na wanyumba

Kwenye ukwe Kitagalogi kina ufundi, na sisi tuna wa kwetu, na mafundi hawa hawakubaliani. Mkwe wa Kiswahili ni wa kwenda na kurudi: baba wa mke wangu ni mkwe wangu, nami ni mkwe wake. Kitagalogi kinawatenga. Aliye juu ni biyenan, aliye chini ni manugang, awe mume wa binti au mke wa kijana. Kwa upande mwingine wao wana bayaw kwa shemeji wa kiume na hipag kwa wa kike, wakamaliza. Sisi tunauliza kwanza nani anasema. Mwanamke humwita dada wa mumewe wifi, na wifi ni baina ya wanawake peke yao, na anayejua Kiswahili anajua neno hilo lina moto ndani yake. Hipag haina moto huo. Ni maelezo tu.

Wazazi wa mume na wazazi wa mke, wao kwa wao, ni balae, na wote kwa pamoja magbalae. Sisi hao nao tunawatia kwenye kapu hilohilo la wakwe. Kwa Wafilipino ni uhusiano kamili, wenye jina, kabla hata mjukuu hajazaliwa.

Na bilas ndiye tuliyeanza naye. Ila bilas ni mpana kuliko mwanyumba: wake wa ndugu wawili nao ni bilas, na hata mume wa dada na mke wa kaka wa nyumba hiyohiyo ni bilas kwa mwenzake. Wamalei na Waindonesia wanamwita biras, ishara kwamba neno ni la kale na limesafiri na mashua. Kwetu nimesikia wake wa ndugu wakiitana "mke mwenzangu", na mgeni akadhani wana mume mmoja.

Jamaa wa kutengenezwa

Wahispania walileta ubatizo, na ubatizo ukaleta tawi zima la ukoo. Baba wa ubatizo ni ninong, mama wa ubatizo ni ninang. Mtoto wao wa ubatizo ni inaanak, yaani aliyefanywa mtoto. Ukisikiliza utaisikia anak imejirudufu na kupachikwa -in-. Watoto wa ninong kwako ni kinakapatid, waliofanywa ndugu, kwa ufundi uleule wa maneno. Mtoto mmoja anaweza kuwa na maninong na maninang kumi na zaidi, na harusi nayo ina wa kwake, ndiyo maana wanasiasa na waajiri wana wanaubatizo wasiowajua sura. Krismasi kila inaanak huenda kumbusu mkono ninong wake akitarajia aginaldo, zawadi ya Krismasi, na utani wa kila Desemba ni kuhusu maninong waliojificha.

Uzi muhimu zaidi, kwa maoni yangu, hauendi kwa mtoto. Unaenda kati ya watu wazima. Baba mzazi na ninong sasa ni magkumpare, mama mzazi na ninang ni magkumare. Kumpare imefupishwa ikawa pare, na pare imetoka kanisani ikaingia baa, barabarani, kila mahali ambapo mwanamume anamwita mwenzake. Mare ni hivyohivyo kwa wanawake. Wahispania hao hao waliwaachia pia katukayo, mtu mwenye jina kama lako, na hilo Mswahili wa pwani hahitaji kuelezwa: ni somo yake.

Waliobaki wanapita haraka. Ampon ni mtoto wa kupanga. Ndugu wa baba mmoja ni kapatid sa ama, wa mama mmoja kapatid sa ina. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni anak sa labas, neno kwa neno mtoto wa nje, na linanong'onwa kwa sauti ileile ya kwetu.

Ilang taon ka na?

Majina haya yote yako mitaani, kwa watu wasio na damu moja. Mlinzi wa benki ni Kuya. Muuza samaki ni Ate, au Ale akiwa mtu mzima zaidi. Dereva wa jeepney, daladala ya kwao, ni Manong, kutoka hermano ya Kihispania, na abiria anayetaka kushuka husema "Para po!" mahali ambapo abiria wa daladala angesema "Shusha!" Hiyo po ni chembe ya heshima, haina maana nyingine, lakini sentensi isiyo nayo mbele ya mzee inasikika kama mtu aliyeingia ndani na viatu vya matope. Mzee wa nyumbani unamwendea, unasema "Mano po", unaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji lako la uso, naye anakujibu Mungu akurehemu. Ni shikamoo na marahaba, isipokuwa sisi tumebaki na maneno na kuacha kushika.

Tatizo ni kwamba ili umwite mtu vizuri lazima ujue nani alitangulia. Kwa hiyo wanauliza. "Ilang taon ka na?" Una miaka mingapi? Wiki yangu ya kwanza Doha niliulizwa swali hilo na watu watano, nikadhani ni umbea. Yule wa Batangas alikuwa wa sita. Tukalinganisha tarehe kwenye vitambulisho vya kazi, ikaonekana nimemzidi miezi minne. Kuanzia hapo nilikuwa Kuya, hata siku tulizogombana kuhusu zamu.

Yule mwanyumba wake alipiga tena simu mwezi uliofuata. Safari hii hakuwa na jogoo. Aliniona nyuma ya meza, akapunga mkono, na kabla ya salamu akamuuliza bilas wake jambo kwa Kitagalogi cha haraka. Neno nililolishika lilikuwa moja tu, taon.